Jina la Jikoni

Jumatatu, 3 Juni

Niandike wazi: ukinitoa mimi, ukoo huu watu hawajuani kwa sura. Picha zote hupita kwenye simu yangu kwanza. Harusi, mahafali, hata jino la kwanza la mtoto wa binamu. Mimi ndiye mlango. Simu yangu ina kioo kikubwa na macho matatu kwa nyuma. Dada yangu mkubwa, yule mshonaji, ana kisimu chake cha vibonyezo – tochi yake ina nguvu kuliko sauti yake.

Leo mpwa wangu, binti wa dada, ameniandikia kutoka ughaibuni. Ametuma albamu ya mtoto. Mtoto ana miezi minne na bibi yake hajamwona hata kivuli! Kuna picha, na mwisho kuna video ambayo mpwa anazungumza mwenyewe. Sharti: mama aiangalie mpaka mwisho, kisha atoe jibu. Hawa wawili hawajazungumza miaka mitatu, tangu siku dada alipomwambia mlangoni, ukitoka na huyo mwanamume usirudi. Akatoka. Hakurudi. Kati yao nimebaki mimi tu. Mjomba, nakutegemea wewe, ameandika. Na amtegemee nani mwingine?

Nikabonyeza. Kikaja kisanduku kinataka neno la siri, na chini yake maandishi madogo, ya kusomwa na sisimizi. Nimeona neno "jina". Nikaandika Bingwa, maana mtaa mzima wananiita Bingwa. Imekataa. Nikaandika BINGWA kwa herufi kubwa. Imekataa. Itakuwa ni mtandao.

Jumanne, 4 Juni

Kibandani. Mimi ni fundi kufuli na funguo, mwaka wa ishirini na sita huu. Niliwahi kufungua sefu ya benki kwa kijiti cha meno, meneja amepiga magoti nyuma yangu analia kama mjane. (Zamani nilikuwa nasema alisimama tu. Lakini alipiga magoti.) Sasa kisanduku cha kwenye kioo ndicho kinishinde?

Nimejaribu kati ya mteja na mteja. Jina la kibanda. Jina la marehemu baba. Bingwa1. Fundi viatu wa kibanda jirani akauliza mbona naigombeza simu. Nikamwambia naifundisha adabu. Akasema, Bingwa, si umuulize aliyekutumia? Nimuulize! Mimi niliyemwambia mwaka jana kwamba watengeneza simu hunipigia kuomba ushauri?

Jioni nikapita kwa dada. Alikuwa anapinda sketi za sare, mguu kwenye pedali. Nikamwambia mwanao ametuma picha za mtoto. Nikasema nimeshaziona zote. Hilo limenitoka lenyewe. Pedali ikasimama. Akauliza, yukoje?

Basi nikamweleza! Ana paji langu la uso. Ana meno manne. Anakaa wima kama hakimu. Anacheka mpaka mapazia yanatikisika. Nilieleza vizuri hadi na mimi nikamwona. Dada akaitazama sindano muda mrefu. Hakusema nionyeshe. Nikawahi kusema mwenyewe: simu imeisha chaji. Na hapohapo ikalia mfukoni.

Pedali ikaanza tena.

Alhamisi, 6 Juni

Mpwa amepiga. Mjomba, mama ameangalia? Nikasema ameangalia mara mbili. Mpaka mwisho? Mpaka mwisho kabisa. Kwa nyuma mtoto alikuwa anabwabwaja mambo yake. Akauliza, sasa amejibuje? Mimi hata swali lenyewe silijui. Nikasema – anafikiria.

Anafikiria! Neno dogo namna hiyo. Sauti ya mpwa ikashuka kama ndoo kisimani. Akasema, sawa. Mimi nilimwomba tu radhi, na nikauliza kama nije nyumbani na mtoto. Kazini wanataka tarehe zangu za likizo Jumatatu asubuhi. Asipojibu nitajua hataki. Usimlazimishe, mjomba.

Nimeharibu funguo tatu leo. Mteja mmoja amerudi, ufunguo unaingia lakini hauzunguki. Nikamwambia kitasa chake kimezeeka. Si kitasa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeazima miwani ya fundi viatu. Nimemwambia nataka kukagua kama vioo vyake ni vya kweli – mimi mwenyewe miwani sihitaji. Nikasoma yale maandishi ya sisimizi. Yanasema: "Jina aliloniita mama jikoni."

Nikakaa kwenye stuli. Mteja akaja, akasimama, akaondoka.

Mimi kila kikao husema yule mtoto nimemlea mimi. Nilimbeba begani, nilimfundisha kuhesabu kwa funguo. Na kweli nilimbeba, mara moja au mbili. Lakini jina la jikoni silijui. Jikoni kwa dada nilikuwa naingia kuchukua sahani yangu na kutoka.

Kwa hiyo ufunguo anao mtu mmoja tu. Na mtu huyo nimemwambia nilishaingia.

Jumapili, 9 Juni

Daftari nimekuja nalo mfukoni. Niko kwa dada, naandika kwenye kiti chake, nyuma ya cherehani. Nianze mwanzo.

Njiani nilitunga maneno: simu imejifunga yenyewe, mitambo ya huko mbali imegoma, na kadhalika. Kufika, nikakuta cherehani imefunikwa na dada amevaa lile gauni la kijani la wageni. Akasema, kaa. Kisha akasema, wewe hujafungua kitu.

Dada, mimi?

Wewe. Nimezaa wanne mimi. Mtoto wa miezi minne, meno manne, anakaa kama hakimu? Huyo si mjukuu wangu, huyo ni wewe! Akacheka mpaka akashika ubavu. Na mimi nikacheka, ningefanyaje. Nikamuuliza mbona hukusema tangu Jumanne. Akaacha kucheka. Akasema, huyo wa kwako alikuwa anacheka, mdogo wangu. Wa kweli, sijui mama yake amemtuma aniambie nini.

Kumbe na yeye alikuwa anaogopa. Wiki nzima tunaogopa wawili, kila mtu na kazi yake.

Nikampa simu. Nikamwambia linatakiwa jina alilomwita mwanawe jikoni. Akalisema taratibu: Kijiko. Maana mwanawe alikuwa hatoki jikoni bila kijiko mdomoni. Akaliandika mwenyewe, kidole kimoja, herufi moja moja, kama anayetunga uzi kwenye sindano. Pakafunguka!

Mtoto hana jino hata moja. Hana nywele. Paji la uso ni la dada, hakuna cha kwangu pale. Dada akaweka kiganja kwenye kioo amshike, picha ikakimbia, nikairudisha. Akaweka tena. Mwishoni akatokea mpwa wangu, amekonda, anasema yaleyale aliyoniambia kwenye simu, lakini sasa ana uso. Sikuweza kutazama. Nikawa nasoma maandishi ya kwenye cherehani.

Dada akafuta macho kwa kipande cha sketi. Akasema, ishike juu simu hiyo, nimjibu. Nataka anione mimi, asikie nasema mimi. Maneno yako yametosha. Nikaishika kwa mikono miwili, mguu mmoja mbele, kama wapiga picha wakubwa. Nikabonyeza. Akasema. Alisema miaka yote mitatu. Alisema neno lile la mlangoni lilimtoka na akalifuata mpaka barabarani, lakini gari lilishaondoka. Hata mimi hilo sikulijua. Akasema njoo, Kijiko, njoo na mtoto, na mumeo njoo naye. Dada yangu! Sijawahi kumsikia akiomba radhi, hata kwa kuku aliyemkanyaga. Alipomaliza hakuwa na pumzi. Akasema, tuma, maana mimi siwezi kurudia. Akaenda jikoni kunawa uso.

Nimefungua nitazame. Hakuna video. Kuna picha moja. Ni kidole gumba changu, kimetokea vizuri sana.

Maji yanamwagika jikoni. Ameuliza, imeenda? Nimesema inapanda. Ameuliza mara ya pili. Kesho ni Jumatatu.

Zile video zote za harusi nilizokuwa najisifu nimezipiga mimi – nilitumiwa na watu, nikasambaza. Dada, mimi sijui kupiga video.

Neno hilo la kumwambia nimeliandika hapa kwanza, nione kama linaandikika. Limeandikika. Bomba limefungwa. Anakuja.