Maini ya Kambare

3 Februari

Mjukuu wangu Mdadisi,

Marahaba. Najua hujanisalimia bado, lakini naitikia kabisa ili tusipoteze wino. Huku tu wazima. Kaka yako anatoka na nyavu zake kabla hakujapambazuka na anarudi amenuna, kwa hiyo yuko kama ulivyomwacha. Mguu wangu wa kushoto bado ni uleule. Usiuulize tena, ukiulizwa unajiona wa maana.

Barua yako ya kuomba samaki niliipokea kwa dereva wa basi, nikaisoma mwenyewe, kidole kwenye mstari. Kaka yako alitaka kunisomea nikamfukuza. Kwanza nilidhani una njaa unaona haya kusema. Halafu nikaona umeandika ni samaki wa mto wetu, wakubwa kwa wadogo, kwa ajili ya maabara. Haya, kumbe na maabara ina tumbo.

Nimekutumia kambare na perege. Nimewatumbua, nimewaosha, nimewatia chumvi, nimewabanika kwa moto mdogo mpaka wakang'aa. Umeandika "msiwasafishe". Nimeona, nikajua umekosea. Mimi nimpelekee mkubwa wako wa kazi samaki na uchafu wake tumboni, aulize binti huyu kalelewa na nani? Thubutu.

Sasa kaa chini. Wifi yako ana mimba. Alianza kuificha chini ya khanga, mimi nikamwambia mwanangu, mimi nimezaa, khanga huwezi kunidanganya nayo. Basi sasa analishwa. Maini ya hao kambare wako nimempikia yeye, yote, kaka yako hakulamba hata kijiko. Kambare mkubwa kuliko wote anayetoka majini ni wa wifi yako, kwanza ini, kisha kichwa. Ndivyo nilivyokula nikiwa na mimba ya baba yako, Mungu amrehemu, na unakumbuka kifua chake kilivyokuwa kama mlango.

Andika upesi. Mwambie huyo mkubwa wako asiwapashe sana, watakakamaa.

Bibi yako


16 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo, na nyingine ya akiba. Mguu sijauuliza. Pongezi kwa kaka na wifi. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, nikawa nacheka peke yangu kwenye korido.

Furushi limefika. Harufu iliingia kazini kabla yangu, mlinzi wa getini akauliza kama tumefungua hoteli. Mkubwa wangu alimgeuza kambare wako huku na huku, akasema, "Huyu ni wa mezani. Sisi tunapima nini hapa?" Bibi, sikukosea kuandika. Nawahitaji wabichi, na matumbo yao, ndani ya barafu. Ninachokitafuta kiko kwenye ini, na moto unakiharibu.

Nikueleze kama nilivyokuwa nakueleza masomo yangu jikoni. Wale waosha dhahabu waliohamia juu ya mto wanatumia zebaki kunasia vumbi la dhahabu. Inayobaki inaingia majini. Huioni, huinusi, na samaki anaogelea vizuri tu. Lakini sumu ya namna hiyo ikimwingia, ini lake linatengeneza protini maalumu ya kuikamata isizurure mwilini. Ni kama mtaa ulioingiliwa na wezi, watu wanaongeza walinzi. Mimi naangalia walinzi. Nikiwakuta wengi kupita kawaida, najua kuna kilichoingia, na hapo ndipo tunaipima zebaki yenyewe.

Perege anakula majani ya majini. Kambare anakula wenzake, na sumu ya kila aliyemmeza inabaki kwake. Akikua, nayo inakua.

Kwa hiyo nakuomba, Bibi. Mpaka nitakapopima, wifi asiguse kambare, hasa wale wakubwa, wala maini yao. Mpe perege, mpe mayai, mpe maharage. Sina hakika bado. Nina hofu tu.

Mjukuu wako


9 Machi

Mdadisi,

Leo salamu ni fupi. Nimeamka, ninapumua, yatosha.

Kwa hiyo samaki wangu wana wezi tumboni. Samaki hao ndio waliokununulia sare, na viatu vya kwenda kufanyia mtihani, na hiyo miwani unayowatazamia vibaya. Hukuwaona wezi ulipokuwa unalamba sahani. Umekwenda huko kwenye chupa zako, umevaa koti jeupe, sasa chungu cha nyumbani kinakunukia sumu.

Na hao waosha dhahabu ni wateja wangu sokoni. Wananunua bila kunung'unika, si kama walimu wanaobonyeza samaki mpaka analegea kisha wanaondoka.

Barua yako nilimsomea wifi yako. Alicheka akashika tumbo. Kisha akaniuliza, "Bibi, lakini ni kweli?" Nikamwambia, "Kula." Akala.

Ukitaka kujua samaki wanadhuru au hawadhuru, nitazame mimi. Nimewala tangu nina meno ya utoto. Mikono yangu sasa imekomaa, hata moto unaiogopa. Juzi nimegeuza samaki juu ya makaa kwa vidole vitupu, mwenzangu wa meza ya jirani akapiga ukelele, mimi sisikii kitu. Ganzi tu, na midomoni kama nimelamba betri. Nani kijana anaweza hivyo? Na usinisemeshe habari za mwandiko kuyumba, ni hii kalamu yako ya zawadi. Mbovu.

Wabichi na matumbo yao sileti.

Bibi yako


17 Machi

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Makaa lazima yaunguze, Bibi. Mkono usiosikia moto haujakomaa, unaumwa. Ganzi ya vidole na midomo nimeisoma vitabuni, sikutegemea kuisoma katika mwandiko wako. Nenda kliniki, tafadhali. Kalamu ni nzima.

Sijasema chungu chako kina sumu. Mto ulikuwa safi ulipokuwa na mimba ya baba, na mimi nilikula samaki wa mto huohuo nikakua. Wale watu wa juu ndio wageni. Wewe unapika vilevile. Maji ndiyo yamebadilika.

Ningekuja mwenyewe, lakini mashine ni moja na tunaigombea, nikiiacha zamu yangu sijui nitaipata lini. Nimempa dereva sanduku lenye barafu. Tia humo kambare mbichi na perege mbichi, na kila kilichomo tumboni. Nikikuta maini yao ni safi, nitakuja hadi sokoni, nitapiga magoti mbele ya meza yako watu wakitazama, nikuombe radhi kwa sauti. Utanisimanga mpaka uchoke, na wewe huchoki.

Lakini wifi asisubiri majibu. Aache leo.

Mjukuu wako


11 Aprili

Mdadisi,

Marahaba. Kliniki sijaenda. Nesi mwenyewe ni mtoto niliyemfuta kamasi, ataniambia nini.

Sanduku lako hilo, linakurudia. Nimewatia wabichi, na matumbo, nikageuza uso. Dereva aliuliza kama nimeanza kuugua akili. Nikamwambia ni mjukuu wangu anayeugua, mimi nampelekea dawa. Nimefanya hivi kwa sababu moja tu, nataka kukuona umepiga magoti pale penye matope, karibu na mfereji. Mahali nimeshachagua.

Kambare huyo ni wa pili kwa ukubwa. Mkubwa mwenyewe kabaki kwa wifi yako. Nimnyang'anye mjamzito nikulishie mashine? Ana tumbo la kupendeza, la mbele. Anasema mtoto ametulia sana siku hizi, hapigi mateke kama mwanzo. Nikamwambia huyo ni mpole, ataniheshimu kuliko shangazi yake.

Andaa magoti.

Bibi yako


24 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo.

Nilipima mara ya kwanza, sikukubali. Nikarudia. Nikampa mwenzangu apime bila kumwambia samaki wametoka wapi.

Ini la perege lina walinzi wachache, kama samaki yeyote. Ini la kambare limefurika. Mwenzangu aliuliza, "Huyu mmemvua wapi, kwenye shimo la kiwanda?" Nikaandika namba daftarini. Nimemla huyo tangu utoto, ametoka jikoni kwetu. Baadaye tukapima nyama yake. Zebaki imo, nyingi, kupita kiasi ambacho mtu yeyote anapaswa kula, sembuse mwenye mimba.

Bibi, ningetoa chochote nije kupiga magoti penye matope.

Wifi asile tena. Hata kipande, hata mchuzi wake. Nawe usile. Nitumie nywele kidogo za kila mmoja, zikatwe karibu na ngozi, zitatuambia kilichokwisha kuingia mwilini. Ripoti tumeipeleka kwa wakubwa. Hawajajibu.

Hukujua. Nisikilize, wewe unayependa kuninyamazisha: hukujua.

Mjukuu wako


2 Julai

Bibi,

Shikamoo. Sijapata barua yako. Kaka hapokei simu. Dereva anasema amekuona sokoni na umesema hujambo, lakini hakunitazama machoni aliposema.

Nigombeze basi. Andika hata mstari wa matusi.

Mjukuu wako


19 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Naona wifi atakuwa ameshajifungua. Nimeomba ruhusa ya kuja, nimeambiwa nisubiri ripoti ya pili iishe. Nikimaliza nakuja, uniite usiniite.

Mjukuu wako


6 Oktoba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Shikamoo zote ulizoleta nikawa kimya, naziitikia leo.

Dereva usimkasirikie. Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo, na kaka yako nilimkataza simu. Sikutaka uyasikie kwa mdomo wa mtu mwingine, na mimi mwenyewe mdomo ulikuwa hauna maneno. Unajua hilo si kawaida yangu.

Barua ya majibu ilinikuta jikoni. Wifi yako alikuwa anakula. Niliisoma yote kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikamwondolea sahani mbele yake. Alinitazama tu, tonge liko mdomoni, hajui ameze au ateme. Nikamwambia, "Tema." Wewe umeandika sikujua. Kweli, mwanzoni sikujua. Lakini uliponiambia mara ya kwanza, na ya pili, nilikuwa nimeambiwa. Usinipunguzie.

Tangu hapo ni perege na mayai. Mimba ilikuwa imeshakwenda mbali.

Mtoto ni wa kike. Mzuri, ana paji la uso la baba yako. Lakini mwili wake umekakamaa, ukimnyanyua anakuja mzimamzima kama ubao. Akilia sauti ni ndogo, ya mtu aliye chumba cha pili. Ukimpitishia taa, macho hayaifuati. Nesi yule wa kamasi ndiye aliyegundua, akatuandikia twende hospitali kubwa, na nilimshukuru, namwita bibie siku hizi. Daktari wa huko amesema ubongo wa mtoto uliumia kabla hajazaliwa. Nikamuuliza, ni samaki? Akasema hawezi kusema. Mimi nasema.

Wifi yako hanilaumu. Afadhali angenitukana. Anampakata mwanawe anamwimbia, na mimi nikiingia anasogea kunipisha nikae. Kaka yako kambare akinaswa anamrudisha majini, lakini tunajua wenzake watamvua kesho.

Sokoni bado nakwenda. Naweka perege peke yake. Mtu akija kutafuta kambare mkubwa namwambia usinunue, si kwangu wala kwa huyo jirani, na mwenye mimba namfukuza kabisa. Wenzangu wamenihamisha, meza yangu iko mwisho, penye matope karibu na mfereji. Pale pale nilipokuchagulia wewe. Mmoja aliniambia, "Bibi, mjukuu wako na chupa zake wanataka tufe njaa." Nikamwambia, huyo mjukuu ana adabu kuliko wote mliozaa, na mkimsema tena nitawamwagia maji ya samaki. Ndiyo mara moja tu niliyocheka mwezi huu.

Wakubwa wako wamejibu? Huku hatujaona mtu. Waosha dhahabu wapo, wanaosha.

Nywele ulizoomba zimo humu, za kila mmoja kwenye karatasi yake. Nyeupe ni zangu. Nyeusi za wifi yako. Hizo nyembamba ambazo hutaziona mpaka uvae miwani ni za mtoto. Usiziangushe, hana nyingi. Tumempa jina lako. Mama yake ndiye aliyetaka.

Sasa nakwambia lililonifanya nishike kalamu. Mtoto anaogeshwa asubuhi, na kazi hiyo siku zote ni ya bibi, niliwaogesha ninyi wote. Jana nilimwekea maji kwenye beseni, nikatia mkono kuyajaribu kama nilivyozoea. Mkono haukuniambia kitu. Nikatia wa pili, nao kimya. Nikakaa pale na mtoto mapajani, sijui kama maji ni ya baridi au yanachemka, na mtoto mwenyewe hawezi kupiga ukelele wa kutosha kuniambia. Ikabidi nimwite mama yake. Akatia kiwiko, akakivuta upesi, akaongeza maji ya baridi.

Magoti yako sitaki, acha hayo. Ripoti imeisha, haijaisha, omba ruhusa uje. Nahitaji mtu wa kukaa nami asubuhi kwenye beseni, mwenye mkono unaosikia.

Bibi yako