Sura Aliyoitaka Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, macho yako yamepona na cheche za kuchomelea, na wifi yangu naye hajambo. Sisi huku tunapumua. Baba hajambo kiasi, ila miguu imeanza kuvimba, na macho sasa ni giza tupu. Barua naituma hapo karakana unakofanya kazi kwa sababu simu zangu hupokei mwaka wa pili huu, na haki unayo. Nakuomba tu usiichane kabla ya kufika mwisho.

Siku ile hujaisahau, najua. Ulikuja kuchapisha barua zako za kuombea kazi, ukachomeka flashi kwenye kompyuta ya sebuleni, na kesho yake mashine ikachachamaa. Madirisha yakawa yanajifungua yenyewe, herufi moja inachukua dakika nzima kutokea. Nikakushukia mbele ya Baba na mbele ya mkeo. Nilisema flashi yako imezurura kila uchochoro kama mwenyewe, na kwamba umetuletea kirusi kije kula kitabu cha mzee. Baba, ambaye hajawahi kutupandishia sauti tangu tuzaliwe, akasema hataki kukuona. Ukaondoka, flashi ukaiacha mezani.

Kitabu unakijua. Miaka thelathini na mmoja Baba alikagua mizani sokoni, na macho yalipoanza kufifia akasema hataki kufa na visa vyote vile tumboni. Basi kila siku baada ya chakula cha mchana, yeye kwenye kiti cha dirishani, mimi kwenye kompyuta. Wauza nyama waliobandika sumaku chini ya sahani, muuza vitunguu aliyemfukuza na jiwe la kilo mbili, vyote alisema nikachapa. Miaka mitatu, sura kumi na nne. Nilitaka kuweka nakala ya pili, mzee akakataa katakata. Alisema kazini kwao jiwe la kupimia mengine lilikuwa moja tu, limefungiwa kabatini, na mwenye mawili anatafuta wa kumpunja. Nikamcheka, nikamtii.

Ulipoondoka nikaanza kupambana na hiyo kompyuta. Kulikuwa na programu yenye picha ya ngao ya kijani iliyokuwa ikinionya kila saa kwamba nina virusi mia mbili na kumi na nne, nibonyeze isafishe. Nikabonyeza. Ikauliza kama nina hakika, nikabonyeza tena, kwa hasira niliyokuwa nayo juu yako. Mashine ikazimika, ikawaka, na lile faili la kitabu likawa halipo.

Nikamwita fundi wa kompyuta, mama mmoja mkavu wa maneno. Alikaa saa mbili. Kuhusu kitabu alisema hakirudi. Kisha akachukua flashi yako, akaipima kwenye mashine yake, akasema haina hata doa. Ugonjwa wenyewe ni ile ngao ya kijani, na iliingizwa siku tisa kabla hujakanyaga hapa. Akauliza nani humu ndani alipakua kitu cha bure mtandaoni. Ni mimi, mdogo wangu. Nilikuwa natafuta mwandiko wa mapambo wa kuweka kwenye jalada. Nikamsindikiza mlangoni, nikafunga mdomo.

Baba nilimwambia nimekiokoa chote. Alinishika kichwa akaniombea dua ndefu, nami nimesimama pale kama mwizi aliyepewa funguo. Tangu hapo kila mchana anataka nimsomee. Nakaa mbele ya kioo kitupu cha kompyuta namsomea kwa kichwa, yeye ananisahihisha kwamba muuza nyama yule alikuwa anatumia mkono wa kushoto, nami nachapa upya kimyakimya. Nilijidanganya kwamba hivyo hivyo kitarudi chote, na wewe hutajua, na yeye hatajua.

Wiki iliyopita akasema, "Leo nisomee ile sura ya mdogo wako."

Hukujua kama ipo. Ilikuwa ya saba, yote yako, kuanzia siku uliyozaliwa. Na hiyo, naapa, siikumbuki hata sentensi moja. Niliichapa kwa wivu, kwa sababu mimi sikuandikiwa sura. Nakumbuka tu kwamba alipokuwa akiisimulia alicheka, halafu akavua miwani akajifuta machozi.

Nikamjibu, "Baba, si uliniambia niifute?"

Mikono yake ikatulia kwenye magoti. "Nilisema hivyo?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akafikiri, akatikisa kichwa, akasema, "Basi nilikuwa na hasira mbaya sana." Kisha akaniomba nisikwambie kamwe, usije ukaumia.

Ndiyo hayo. Virusi nilileta mimi, kitabu nilifuta mimi, na sasa nimemtwika mzee dhambi ambayo hakuitenda. Tangu siku ile hajataka kusomewa chochote. Mara tatu nimekaa karibu yake nimwambie ukweli, mara tatu nimemuuliza kama anataka chai. Daktari naye anasema moyo wake umechoka, tusimhesabie miezi mingi. Msamaha siuombi, ningekuwa wewe nisingetoa. Njoo tu, hata kesho. Barua hii njoo nayo umsomee kwa sauti, mimi nikiwepo. Halafu mwombe akusimulie sura yako, maana hakuna mwingine anayeijua.

Msalimie sana wifi, na umwambie maneno yale niliyoyasema mbele yake yalikuwa yangu mwenyewe. Baba hakutumii salamu, kwa sababu anakuonea aibu.

Ni mimi,
Dada yako