Kambale Mmoja Kati ya Wengi

Yaya Masika, dada yangu mkubwa, jambo sana toka Goma! Asubuhi mvua, sasa jua kali, na viatu vyangu vimejaa tope jeusi la volkeno. Sombe ya hapa, hayo majani ya muhogo, haifikii unayopika wewe.

Mwenyeji wangu, Papa Bahati wa Masisi, ametengeneza tovuti inayowasaidia waliotawanywa na vita kutafutana. Ameiandika kwa PHP, lugha ya programu za kompyuta. Vijana wanamcheka eti lugha ya kizamani, yeye anajibu, "Ya zamani, lakini tovuti mingi ya dunia ingali inatembea nayo."

Nikamtafuta humo Kambale, ndugu yetu aliyepotea vitani, nikamkosa. Kumbe jina likijirudia, programu ilidhani ni kosa, ikalifuta. "Papa, kwetu Wanande kila mutoto mwanaume wa pili anaitwa Kambale!" nikafoka. "Umefuta mji wetu wa Butembo muzima!" Akacheka hadi machozi, akarekebisha, akaongeza swali: nyumbani wanakuitaje? Watu wakajiandikisha upya.

Jana nikaandika "Muzee Ndizi", jina tulilomwita Kambale nyumbani. Akatokea mmoja tu. Yuko kambi ya jirani, na anauliza kama ungali na hasira juu ya redio yako aliyoivunja.

Tunakukumbatia sana, sisi wawili, mimi na Kambale.

Kasereka