Hesabu ya Mdogo Wangu

Shikamoo Mjomba,

Ofisini nimepewa kiti kipya kinachozunguka. Habari njema ndiyo hiyo.

Umeuliza kama mdogo wangu naye asomee hisabati tumizi. Nimekupigia hesabu kwenye karatasi niliyoambatanisha: karo, miaka minne bila kipato, kisha mshahara kama wangu. Gharama zitarudi akiwa na miaka arobaini na moja.

Mimi na shahada yangu, hapa kwenye kampuni ya bima nanakili umri wa wateja, kazi ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Ningeacha kesho, lakini nyumba nzima inakula kwa mshahara huu.

Mwambie asome. Karatasi ya hesabu ichane, asiione. Hesabu ya mimi kutoka hapa inakubali tu yeye akishaajiriwa.

Nisamehe,
Mpwa wako