Anayechelewa Kupiga

Kimwani, Muleba

Mwanangu Ildefons,

Tumesikia redioni kwamba mwamuzi wa gofu alikuongezea pigo la adhabu kwa kuchelewa kupiga mpira ukipima upepo, ukakosa kombe kwa pigo hilohilo. Pole! Nilicheka, mimi ninayefika misani watu wakitoka.

Migomba imezaa vizuri. Baba yako tulimzika Jumanne. Siku tatu kabla hajakata roho alikuwa akiuliza, "Ildefons amefika?" Simu sikukupigia, nisije nikakuchelewesha zaidi.

Matanga yalipoisha, ukoo ukauliza, "Mrithi yuko wapi?"

Nikajibu, "Bado anapima upepo."

Wakacheka, wakanivika mimi kanzu ya marehemu. Inanibana tumbo, ila kibanja chake cha migomba kinanitosha.

Ukija, usiharakishe. Mgeni huwa tunampikia.

Baba yako mdogo, mzembe yuleyule,
Byarugaba