Wifi, Nilikata Pindo la Leso Yako

Wifi yangu Zuhura,

Simu zangu hushiki, na kaka yako nikimtuma kwako Dabaso hurudi na neno moja tu, "Hajambo." Basi naandika, na naandika wazi, asome atakaye, kwa sababu nilipokusema sikukusema chumbani. Nilikusema mtaa mzima hapa Malindi ukanisikia.

Wanijua, mimi ni mtu wa dhana. Ulipokuja kunihudumia katika arubaini yangu ya kumzaa Munira, ukalala mkekani kando ya kitanda changu, nilikuwa nakutazama kwa pembe ya jicho. Mwanamke aliyeachwa kwa kukosa mtoto, nikawaza, anafuata nini kwa mtoto wa mwenzake?

Na vile ulivyokuwa ukinawa. Hugusi mtoto mpaka ujisugue kwa sabuni hadi viwikoni. Nikakuuliza, "Unaosha nini, wifi?" Ukacheka, "Naosha soko, mama. Mtoto mchanga huyu." Mimi sikucheka. Nilijiambia mtu hajisugui namna hiyo ila ana alichokishika.

Wiki hiyo Twaiba, mkubwa wangu wa miaka mitatu, alikuwa na mafua na tumbo linamwendesha kidogo. Ukaniambia, "Huyu akae mbali na mdogo wake siku mbili tatu." Nikaona unawatenganisha wanangu. Ulipokwenda sokoni nilimtawaza Twaiba mwenyewe alipotoka chooni, nikajimwagia maji ya haraka mikononi, nikamtoa Munira kwenye neti, nikamwita dadake, "Njoo umbusu mdogo wako." Nilifurahi, wifi. Niliona nimekushinda.

Siku ya kumi na nane Munira akashikwa na homa. Ukimgusa analia, ukimwacha analia vilevile, na titi halitaki. Nyayo na viganja vikamwiva vyekundu. Mimi nikajua ni kijicho, na nikajua cha nani.

Wewe ulikuwa uani unafua nepi zake. Leso yako ilikuwa kitandani. Nikakata pindo kwa mkasi, nikalitia chetezoni pamoja na ubani, nikamfukiza. Asubuhi nzima nilimshikilia ndani ya moshi, mtoto wa siku kumi na nane. Ulipoingia uliona chetezo, ukaiona na leso. Hakuna mwanamke wa pwani asiyejua kwamba mtoto hufukizwa kwa nguo ya aliyemtia kijicho. Ulimgusa utosi ukasema, "Mama Twaiba, huyu ni wa hospitali. Sasa hivi." Ukatoka kuita tuktuk bila viatu.

Hospitalini nako nikashuku. Daktari alipotaka kumchoma mgongoni amtoe maji ya uti wa mgongo, nikasema hawa wanataka kumfanyia majaribio yao. Ni wewe uliyemuuliza kwa adabu, "Daktari, hayo maji yatakuambia nini?" Akatueleza taratibu kwamba homa ya mtoto mchanga haingojewi, lazima ijulikane kama imefika kwenye ubongo. Kaka yako akatia sahihi. Mimi nilinuna.

Baada ya siku kadhaa likaja jina, daktari akalirudia mara tatu ndipo nikalishika: parekovirusi. Akasema kirusi hicho hutembea kwa mafua na kwa choo. Mtoto mkubwa humpitia tu, lakini mchanga kinaweza kumwangusha. Dawa yake hasa hakuna. Atamsaidia pumzi na maji mpaka mwili wenyewe ukishinde. Kisha akauliza, "Nyumbani kuna mtoto mwenye mafua, au anayeharisha?"

Nikajibu hakuna. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu. Baadaye, tulipotoka nje, ndipo uliporudi peke yako ukamwambia ukweli, na mimi nikakuona ukitoka kwake, nikasema moyoni, haya, kaenda kunisengenya.

Munira alipopona nikarudi naye nyumbani, wanawake wakaja kunipa pole. Nikawaambia ni wewe. Nikawaambia mtoto alipata nafuu siku uliyoacha kuja wodini. Wakaanza kuwafunika watoto wao ukipita, nawe unatabasamu tu. Wiki haikwisha ukakunja mkeka wako ukaondoka.

Sasa ana miezi minane. Anakaa, anavuta kila kitu. Daktari ametuambia tuendelee kumpeleka wamwangalie anavyokua, nami kila akichelewa kugeuka nikimwita, moyo unanipasuka. Namshuku mpaka mwanangu. Na mikono yangu naishuku zaidi. Nimekukosea, Zuhura, na sina wa kumsukumia.

Juzi jirani yetu Salma kajifungua. Nikaenda kumuona, akaninong'oneza, "Wasema wifi yako huenda akaja Idi. Akija nimfiche mtoto?" Nikamwambia mbele ya wote, "Basi mfiche na kwangu, maana aliyemletea Munira maradhi ni mimi. Zuhura ndiye aliyemwokoa." Wanawake wakaendelea kupokezana mtoto wa Salma, huyu akimpa huyu. Alipofika kwa aliyekaa ubavuni mwangu, akarudishwa kwa mamake.

Nimekwenda tena kwa Salma mara mbili. Hunikaribisha, hunipa chai. Mtoto hanipi. Nakaa pale na mikono mapajani, natabasamu, kama ulivyokuwa ukitabasamu wewe.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini shika simu.

Mke wa kaka yako,
Mama Twaiba