Prosesa Namba Tatu

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi hapa ni wazima. Goti la mama limepungua maumivu. Daktari alimwambia atembee kila siku, naye hutembea hadi kwa jirani, hukaa huko saa mbili, kisha hurudi akisema mazoezi yamemchosha. Natumaini shule unayofundisha sasa imekupokea vizuri.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa upole wako, nami ningeishia njiani.

Mwezi huu mkuu wa kitengo alinipa wafanyakazi wapya wanne niwafundishe kusoma faili ambalo seva huliacha inapoanguka. Mmoja wao ni mama wa makamo tunayemwita Operata, maana kwa miaka tisa alipokea simu za kuita gari la wagonjwa katika ukumbi ulio chini yetu. Siku ile seva inayopokea simu hizo ilipoanguka kwa dakika kumi na moja, yeye ndiye aliyekuwa zamu. Alinisimulia, bila kumlaumu mtu, kwamba karatasi zilipomwishia aliandika anwani za watu kiganjani, na kwamba bibi mmoja mwenye pumu alifikiwa na gari akiwa ameshapoteza fahamu. Baadaye alipona.

Nililichukua faili la siku hiyo liwe somo. Nilieleza kama ulivyonieleza mimi: kiini cha mfumo, yaani programu inayoendesha mashine yote, kikikutana na jambo kisiloweza kulimudu, huandika yote yaliyomo kwenye kumbukumbu, kisha huzimia. Ndani ya faili mna orodha ya miito. Juu kabisa ni kazi, yaani kipande cha programu, iliyokuwa ikiendelea mashine ilipoanguka, chini yake ni ile iliyoiita, na chini zaidi ni ile iliyoiita hiyo nayo, hadi mwanzo. Nikawaonyesha prosesa namba sifuri, mojawapo ya bongo za mashine zinazofanya kazi kwa pamoja. Juu ya orodha yake ilikuwa kazi uliyoiandika wewe, ya kusoma diski, imeshika kipande cha kumbukumbu kilichojaa takataka.

Operata aliinua mkono akauliza mashine hiyo ilikuwa na prosesa ngapi. Nikamjibu nane.

“Sasa hizo saba nyingine zilikuwa zinafanya nini?” akasema. “Sisi gari likichelewa hatumuulizi dereva mmoja tu.”

Nikawaambia muda wetu umekwisha. Ilikuwa imebaki nusu saa.

Kaka, nilijua zilikuwa zinafanya nini. Nilijua tangu siku ya pili baada ya seva kuanguka, siku nne kabla hujaitwa kwenye kikao. Prosesa namba tatu ilikuwa ndani ya kazi yangu mimi, ile ya kadi ya mtandao, na ilikuwa ndiyo kwanza imekirudisha kwa mfumo kipande kilekile cha kumbukumbu, anwani ileile, tarakimu kwa tarakimu, wewe ukiwa bado unakitumia. Nilisahau kuhakikisha kwanza kama kuna mwingine aliyekishika. Kosa lilikuwa langu, likaonekana kwako.

Kwenye kikao uliomba kuliona faili, ukaambiwa nywila yako imeshafungwa. Nilikuwa nimekaa viti viwili tu kutoka kwako. Ukasema labda ulikosea mahali, ukasaini barua ya kuachishwa kazi. Wiki iliyofuata nilirekebisha mistari miwili ya kazi yangu, na penye maelezo nikaandika “usafi mdogo.” Seva haikuanguka tena, na watu wote ofisini wakasema, si mnaona, tangu aondoke. Nami nilitikisa kichwa kukubali.

Kesho yake baada ya swali la Operata niliwafungulia orodha zote nane, nikawaambia namba tatu ni kazi ya nani. Kisha nikaenda kwa mkuu. Hakufoka. Alizilinganisha anwani mwenyewe kwa penseli, akarudia mara mbili, akaniambia niache kitambulisho mezani. Barua yake kwako nimeitia humu, wanakutaka urudi. Kikao changu ni Jumatatu.

Mama nimemweleza jana. Akauliza ni mara ngapi umekuja kula nasi tangu uachishwe kazi. Nikasema mara sita. Akasema hana la kuongeza.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ninachokuomba ni usimjibu mkuu kabla hujajua hasira yako kwangu imefikia wapi. Usirudi kwa kunihurumia, wala usikatae kazi yako kwa ajili yangu.

Nisalimie shemeji, na watoto wote. Ukiona huwezi kuniandikia, mwandikie mama. Nitamsomea bila kuruka neno.

Ni mimi mdogo wako,
wa tumbo moja